Shirikisho lisilo na rungu: watu wa maabara Ulaya wanavyoshikana

Mgonjwa wa kisukari akihama Leipzig akaenda kuishi Köln, yuko Ujerumani ileile na anaongea lugha ileile, ila akienda kupima anaweza kukuta sukari yake iliyokuwa 7 sasa inasoma 126. Hajazidiwa, na mashine haijaharibika. Mashariki ya Ujerumani wamezoea kuandika sukari kwa milimoli kwa lita, magharibi kwa miligramu kwa desilita, na 7 ya huku ndio 126 ya kule, unazidisha mara 18 basi. Nchi iliungana 1990 na namba mpaka leo hazijaungana, hata vile vimashine vya kujipima nyumbani vinauzwa vya aina mbili na lazima ujue unataka cha kipimo gani.

Hiyo ni nchi moja tu. Sasa piga hesabu bara zima, kreatinini (kile kipimo cha figo) huyu anaandika kwa maikromoli yule kwa miligramu (hapo unazidisha kwa 88.4 sio 18, kila kitu kina kizidisho chake), himoglobini huyu gramu kwa lita yule gramu kwa desilita, na watu wenyewe wanavuka mipaka kila siku, mtu anaishi Ubelgiji, kibarua chake Luxembourg, mzazi wake anatibiwa Ufaransa. Mimi ni mtu wa maabara, na swali ambalo limenikaa kichwani muda mrefu ni hili: kazi ya kunyoosha haya mambo ni ya nani?

Wengi watajibu Brussels. Hapana. Mkataba unaouendesha Umoja wa Ulaya, kifungu cha 168, unasema kupanga na kuendesha huduma za afya ni juu ya kila nchi yenyewe. Brussels wanaweza kutunga sheria ya bidhaa, wanaweza kutunga sheria ya watu kuhama kikazi, ila hawawezi kumwambia mkuu wa maabara pale Zagreb, Kroatia, aandike sukari kwa kipimo gani wala muuguzi wa Lisbon afunge mpira kwenye mkono wa mgonjwa kwa muda gani. Hapo kwenye uwazi ndipo yanapoingia mashirikisho ya wanataaluma, na leo nataka nilizungumzie moja, EFLM, yani Shirikisho la Ulaya la Kemia ya Kliniki na Tiba ya Maabara. Msimamo wangu nauweka mapema kabisa: hili shirikisho halina rungu, haliwezi kumpiga mtu faini wala kufunga maabara ya mtu, na bado limesogeza kazi ya maabara mbele kwa sababu limekubali kufanya zile kazi za kuchosha ambazo hakuna nchi ingezilipia peke yake. Na pale linapokwama, ukiangalia vizuri, linakwama palepale panapohitaji rungu.

Historia yake kwa kifupi. Kulikuwa na vyombo viwili vilivyoanza 1993, kimoja FESCC kikiwa cha vyama vya kemia ya kliniki vya Ulaya kwa upana wake, kingine EC4 kikihangaika zaidi na nchi zilizo ndani ya Umoja, mambo ya vyeti na usajili wa wataalamu. 2007, kwenye mkutano wao mkubwa wa EuroMedLab pale Amsterdam, vikaungana vikawa kitu kimoja. Leo kina vyama vya kitaifa kama 40 hivi, mpaka vya nje ya Umoja kama Uturuki, Serbia na Uingereza. Juu yake kuna IFCC, shirikisho la dunia nzima lililoanzia Paris 1952. Kuna jarida lao, CCLM, kuna mkutano kila baada ya miaka miwili, 2023 ulikuwa Rome na 2025 Brussels. Lakini injini yenyewe ni vikundi kazi, watu wachache wachache wenye ajira zao kwenye hospitali na vyuo, wanaojitolea jioni na wikiendi. Hilo la kujitolea likumbuke, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe, na nianze na inayonigusa zaidi, sindano.

1997 Mario Plebani na Paolo Carraro wa Padua kule Italia walitoa takwimu za maabara ya dharura ya hospitali yao, miezi mitatu ya kufuatilia kila jibu linalotiliwa shaka. Vipimo 40,490, makosa 189. Ukiangalia juujuu unasema mbona machache, lakini angalia yalikotokea: asilimia 68.2 yalitokea kabla sampuli haijaingia kwenye mashine, asilimia 18.5 yalitokea baada ya mashine kumaliza kazi yake, na mashine yenyewe na yale yanayofanyika pale kwenye meza ya kupimia yalibeba asilimia 13.3 tu. Yani ile sehemu ambayo sisi watu wa maabara tunaisomea miaka, tunainunulia mashine za mamilioni, tunaifanyia kontroli kila asubuhi, ndiyo iliyokuwa na makosa machache kuliko zote. Mengi yako kule ambako damu inatolewa.

Nilivyosoma zile namba sikushangaa kabisa, maana nilishaiona. Nikiwa mwanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, hospitali siitaji, kulikuwa na utaratibu wa kubandika majina kwenye chupa zote za wodi tangu asubuhi, zinapangwa kwenye trei kufuata vitanda, kisha mtu anapita nazo. Siku hiyo usiku wagonjwa wawili walikuwa wamebadilishana vitanda kwa sababu mmoja alitaka kuwa karibu na dirisha. Jibu likatoka himoglobini 4, ndugu wakaanza kutafutwa waje wachangie damu, na bahati nzuri daktari alimfunua mgonjwa macho akaona mbona mwekundu tu huyu, hana dalili yoyote ya kupungukiwa damu. Tukarudia. Mashine ilikuwa sahihi kabisa, ilikuwa imepima vizuri damu ya mtu mwingine. Na yule mwenye 4 yake alikuwa amelala pale dirishani hakuna anayemhangaikia kwa saa kadhaa. Ile siku haijanitoka.

Kikundi kazi cha EFLM kinachoshughulika na hatua za kabla ya kupima, wakati huo kikiongozwa na Ana-Maria Simundic wa Zagreb, hakikuanza kwa kuandika mwongozo. Kilianza kwa kuuliza. Wakatuma dodoso kwa vyama vya kitaifa, nchi 28 zikajibu, na matokeo yake yaliyotoka 2013 yalisema nchi 7 tu kati ya hizo 28 ndio zilikuwa na mwongozo wao wa kitaifa wa kutoa damu. Ulaya hiyo. Alafu wakaenda hatua ya pili, wakaweka watu wenye orodha ya kukagua wasimame pembeni waangalie damu inavyotolewa kweli, sio inavyosemwa inatolewa. Nchi 12, utoaji damu 336. Ripoti yao ya 2015 ilisema utaratibu haufuatwi kwa kiwango kinachokubalika, na hatua mbili za hatari zaidi zilikuwa kumtambua mgonjwa na kubandika jina kwenye chupa. Zilezile za trei yetu ya wodini.

Ndipo 2018 wakatoa mwongozo wenyewe wa kutoa damu ya vena, yani ya kwenye mshipa, pamoja na wenzao wa Amerika ya Kilatini, shirikisho la COLABIOCLI. Ukiusoma unaona ni mambo madogo madogo ambayo mtu anaweza kuyapuuza. Usimuulize mgonjwa "wewe ni Maria?" maana mgonjwa mchovu, au asiyesikia vizuri, au anayekuheshimu kwa sababu ya koti jeupe, atakwambia ndio, muulize "unaitwa nani, umezaliwa lini?" ili aseme mwenyewe. Bandika jina mbele ya mgonjwa. Mpira usikae mkononi zaidi ya dakika moja. Usimwambie mgonjwa akunje na kukunjua ngumi. Fuata mpangilio wa chupa, kwa sababu ile ya kofia ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu ndani yake, ikitangulia na kidogo tu kikaingia kwenye chupa inayofuata, potasiamu ya mgonjwa inapanda na kalsiamu inashuka, daktari anaanza kutibu moyo ambao hauna shida. Na kila pendekezo limewekewa alama inaonyesha ushahidi wake una nguvu kiasi gani, kitu ambacho mimi nakiheshimu sana maana mwongozo mwingi unaandikwa kwa sauti moja, yenye ushahidi na isiyo na ushahidi vyote vinaamrisha sawasawa.

Sasa mwongozo ni karatasi. Muuguzi wa Split kule Kroatia au wa Plovdiv kule Bulgaria hasomi jarida la Kiingereza la wakemia, na hata akisoma halimwajibishi. Kinachoufanya uende ni chama cha kitaifa kuutafsiri, kuupeleka wizarani, kuufundisha, kugombana na wenye hospitali. Ndio maana nasema nguvu ya shirikisho ni nguvu ya vyama vyake, palipo na chama kilicholala ule mwongozo unaishia kwenye kompyuta ya mwenyekiti.

Kazi ya pili ambayo naiona ni kubwa kuliko inavyosifiwa ni ya kupima jinsi mwili wa mtu mzima wa afya unavyoyumba wenyewe. Mfano, kreatinini yako mwezi uliopita ilikuwa 80, leo 88. Figo zinaharibika? Huwezi kujibu kama hujui kreatinini ya mtu mzima wa afya inacheza kiasi gani wiki hadi wiki bila ugonjwa wowote. Kwa miaka watu walitegemea orodha iliyokusanywa na Wahispania wakiongozwa na Carmen Ricós, 1999, ilikuwa kazi ya kishujaa kwa wakati wake ila nyingine ndani yake zilikuwa tafiti za zamani, za watu wachache, zilizofanyika kila mmoja kwa staili yake. EFLM wakafanya mambo mawili. Kwanza wakatengeneza orodha ya vigezo 14 vya kupimia ubora wa tafiti za namna hiyo, utafiti unapewa A, B, C au D, yenye D haitumiki. Pili wakafanya utafiti wao mpya, EuBIVAS, watu 91 wenye afya kutoka maabara 6 za Milan, Padua, Bergen, Madrid, Assen na Istanbul, wanatoa damu kila wiki kwa wiki 10, sampuli zinagandishwa na kwenda kupimwa pamoja.

Hebu fikiria hapo. Watu 91 wazima kabisa, hawaumwi chochote, wanakuja kuchomwa sindano wiki kumi. Hakuna kampuni ya dawa itakayolipia hiyo, haina cha kuuza mwishoni. Hakuna waziri wa afya atakayeisimamia kwenye kampeni. Lakini kilichopatikana ni kwamba kreatinini inayumba kama asilimia 4.5 hivi ndani ya mtu mmoja, na ukiingiza na kuyumba kidogo kwa mashine nzuri, tofauti ya chini ya asilimia 13 hivi kati ya vipimo viwili inaweza kuwa ni mwili tu unapumua. Hivyo ile 80 kwenda 88, ambayo ni asilimia 10, daktari hana haja ya kumtisha mtu. Matokeo yote yamewekwa kwenye hifadhidata ambayo iko wazi tangu 2019, mtu wa maabara wa Mwanza au Eldoret anaifungua kwa simu yake bila kulipa senti. Mimi naitumia.

Hiyo inaungana na mkutano wa Milan wa 2014, ambapo walikubaliana njia tatu za kuamua kipimo kinatakiwa kiwe sahihi kiasi gani: kwa kuangalia kinachompata mgonjwa, kwa kuangalia kuyumba kwa mwili, au kama hivyo viwili havipo, kwa kuangalia maabara nzuri zinafika wapi. Sitakaa sana hapo, ni mambo ya wenyewe.

Ila la kufunga kula nitalisema. Miaka na miaka mtu akitaka kupima mafuta kwenye damu anaambiwa usile kuanzia usiku, uje asubuhi tumbo tupu. Wazee wenye kisukari wanakaa foleni mpaka saa tano bila chai, wengine sukari inashuka wanaanguka palepale kwenye benchi. Denmark waliacha huo utaratibu tangu 2009, damu inatolewa muda wowote, na hakuna kilichoharibika. 2016 EFLM wakakaa na chama cha Ulaya cha wataalamu wa mishipa iliyoziba mafuta wakatoa tamko la pamoja: kufunga sio lazima kwa kipimo cha kawaida cha mafuta, trigliseridi, aina mojawapo ya hayo mafuta, zinapanda kidogo tu baada ya mlo wa kawaida, kama milimoli 0.3 kwa lita, na kama zimetoka juu ya 5 hapo ndio ufikirie kurudia mtu akiwa amefunga. Angalia uzuri wa pande mbili kusema kitu kimoja. Wakemia wangesema peke yao, madaktari wa moyo wangesema hao wanataka kurahisisha kazi yao. Madaktari wangesema peke yao, maabara zingeendelea kuandika kwenye fomu "mgonjwa awe amefunga" kwa sababu viwango vya kawaida kwenye kompyuta havijabadilishwa. Na bado hospitali nyingi, za Ulaya na za kwetu, wazee wanaendelea kukaa na njaa. Tamko halina rungu.

Na hapo ndio nafika kwenye upande mgumu.

Ukienda maabara ya Ufaransa, anayesaini majibu anaweza kuwa daktari au mfamasia aliyesomea ubingwa. Ujerumani kuna madaktari bingwa wa maabara na kuna wakemia wa kliniki. Kroatia kuna wabiokemia wa tiba wanaotoka kitivo cha famasia na biokemia cha Zagreb. Italia kuna madaktari, wabiolojia na wakemia pamoja. Wote wanafanya kazi ileile. Lakini sheria ya Ulaya ya kutambuana vyeti, ile ya 2005, inamtambua daktari bingwa moja kwa moja kama ubingwa wake uko kwenye orodha, huku mkemia au mbiolojia mwenye mafunzo marefu sawa anashughulikiwa mmoja mmoja, anapeleka makaratasi, anasubiri, anaambiwa leta na hiki. EC4 walianzisha rejista yao ya wataalamu 1997, EFLM wameiendeleza na mtaala wa pamoja unaotaka miaka mingi ya masomo, yani chuo kisha ubingwa, na wanatoa cheo cha mtaalamu wa Ulaya wa tiba ya maabara. Ni kitu kizuri, kinampa mtu heshima na kinasogeza viwango vya mafunzo. Ila mbele ya ofisi ya serikali cheo hicho hakifungui mlango, mkono mtupu haulambwi.

2013 sheria ikarekebishwa, ikaruhusu taaluma kuomba mfumo wa pamoja wa mafunzo kama theluthi ya nchi wanachama wanaukubali. EFLM walilichangamkia hilo wakaandaa hoja zao. Walimu wa kufundisha kuteleza kwenye theluji walipata mtihani wao wa pamoja wa Ulaya 2019. Siwadharau wale walimu hata kidogo, mlimani mtu anaweza kufa kwa uzembe wa mwalimu, ila inaniuma kwamba mtu anayesaini jibu la saratani ya mtoto bado anazungushwa mpakani. Maelezo yangu ni kwamba walimu wale taaluma yao ni moja, sisi ndani ya maabara tumegawanyika, madaktari wana vyama vyao, wasio madaktari vyao, na kila serikali ukiiendea inakutana na sauti mbili. Shirikisho linaweza kuziweka sauti hizo kwenye meza moja, haliwezi kuzilazimisha ziseme kitu kimoja.

Kuna wanaosema basi serikali zitumie rungu. Ufaransa walitumia. Amri ya Januari 2010 ilisema maabara zote za tiba lazima zipate ithibati ya ISO 15189, kile kiwango cha dunia cha ubora wa maabara za tiba kilichotoka mara ya kwanza 2003 na toleo lake la sasa ni la 2022. Kwingine Ulaya kwa sehemu kubwa ithibati ni hiari au ni kwa baadhi ya vipimo, Ufaransa wakasema zote. Ubora ulipanda, sibishi. Lakini gharama za makaratasi, wakaguzi na watu wa ubora zilizishinda maabara nyingi ndogo za mitaani, zikanunuliwa, zikaunganishwa, na leo maabara za Ufaransa kwa sehemu kubwa ziko chini ya makundi machache makubwa yenye wawekezaji nyuma yao. Yule mfamasia wa mtaani aliyekuwa anamjua bibi kwa jina hayupo. Ndio maana mimi si shabiki wa rungu pekee pia.

Na rungu kubwa zaidi ni IVDR, kanuni ya Ulaya ya vifaa vya kupimia maabara, namba 746 ya 2017, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2022. Chanzo chake cha hasira ni ile kashfa ya matiti bandia ya silikoni kutoka Ufaransa iliyolipuka 2010, umma ukauliza nani anakagua hivi vitu, na kwenye vitendanishi, yani kemikali za kupimia maabara, jibu likawa vingi sana mtengenezaji anajikagua mwenyewe. Kwa hiyo kanuni ikaja kusema vingi sasa vikaguliwe na mkaguzi wa nje. Nakubaliana nayo kabisa kwenye mzizi wake. Shida ni kifungu cha 5 aya ya 5, kinachohusu vipimo ambavyo maabara ya hospitali inajitengenezea yenyewe. Hospitali ya chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walihesabu vyao: aina 922 za vipimo, karibu nusu ni vya kujitengenezea. Ila ukihesabu majibu, zaidi ya asilimia 97 yalitoka kwenye vipimo vya kununua vyenye alama ya CE, ile ya kuonyesha bidhaa inafuata sheria za Ulaya. Maana yake nini? Maana yake vile vya kujitengenezea ni vya wachache, mtoto aliyezaliwa na ugonjwa adimu wa umetaboli (jinsi mwili unavyochakata chakula), mgonjwa wa dawa ambayo hakuna kampuni inaona faida kuitengenezea kifurushi cha kupimia (kit). Ukivibana kama unavyobana kifurushi kinachouzwa milioni kwa mwaka, hakuna kampuni itakayokuja kuziba pengo, kipimo kinakufa tu.

Hapa EFLM haikuwa na jinsi, ilibidi wakemia waende Brussels kuongea kisheria, na walifanya vizuri kutokwenda peke yao, waliingia kupitia muungano wa vyama vya kitabibu uitwao BioMed Alliance, pamoja na madaktari wa magonjwa ya damu na wengineo. Tarehe zimesogezwa mara mbili, 2022 na tena 2024, sasa vitendanishi vya hatari kubwa vina mpaka mwisho wa 2027, vya kati 2028, vya chini 2029, na lile sharti la maabara kuthibitisha kwamba sokoni hakuna kipimo kinacholingana na chake limepelekwa mpaka mwisho wa 2030. Sisemi ni wao peke yao waliosogeza, viwanda vilipiga kelele kubwa zaidi na wakaguzi wenyewe walikuwa wachache mno. Ninachosema ni kwamba bila mtu wa kuhesabu 922 na kuzipeleka mezani, mjadala ungekuwa kati ya viwanda na wanasheria tu.

Kuna jambo moja nawakosoa wenzangu wa taaluma, Ulaya na hapa. Kwenye kila hotuba ya maabara utasikia "asilimia 70 ya maamuzi ya daktari yanategemea maabara". 2011 Mike Hallworth, mtaalamu wa Uingereza, aliifuatilia hii namba kutafuta ilikotoka, na hakukuta utafiti wa maana nyuma yake. Taaluma inayowapa tafiti za wengine alama D haiwezi kujiombea bajeti kwa namba ya namna hiyo. Tunazo hoja za kweli, tuzitumie hizo.

Nimalizie na figo, maana hapa Afrika imo ndani kabisa. Fomula za kukadiria uchujaji wa figo kutoka kwenye kreatinini zilikuwa na kizidisho cha mtu mweusi, 1.159 kwenye ile ya Kimarekani ya 2009. Kizidisho kilitoka kwa Wamarekani weusi, kikasafiri na mashine mpaka kwetu. Daktari wa figo Justine Bukabau wa Kinshasa na wenzake wa Kongo, Ivory Coast na Ubelgiji walipima uchujaji kwa njia ya kweli, kwa kumchoma mtu ioheksoli, dawa inayotolewa mwilini na figo, na kuifuatilia, wakachapisha 2019: kwa Waafrika waliowapima kizidisho kile hakikuwa na kazi, kilikuwa kinaonyesha figo ni nzima kuliko zilivyo. Wamarekani walikiondoa 2021 kwa fomula mpya, lakini wataalamu wa Ulaya, wa figo na wa maabara, wakashauri wenzao wasiikimbilie hiyo mpya maana kwa watu wa Ulaya ilikuwa inapoteza usahihi. Kuna fomula ya Ulaya, EKFC, ya 2021, ambayo inarekebishwa kwa kreatinini ya kawaida ya jamii husika, na ilipoendelezwa 2023 data za Kongo na Ivory Coast zilikuwemo kwenye kuijaribu. Wale wagonjwa na watu wazima wa Kinshasa waliokubali kuchomwa sindano wanasaidia leo kuamua namba za watu wengi ambao hawatawajua.

Afrika tuna shirikisho letu chini ya IFCC, AFCC, na tangu 2009 pale Kigali ulipozinduliwa ule mpango wa nyota wa kuandaa maabara kwa ithibati, maabara nyingi za kwetu zimeona ISO 15189 kwa macho. Vyama vya watu wa maabara navyo vipo, Tanzania kuna MeLSAT, Kenya kuna AKMLSO. Kila ninapozungumza na wenzangu hoja ya kwanza ni pesa, kwamba wale wana hela. Lakini rudi uangalie walichofanya kwenye sindano: dodoso moja kwa nchi 28, kisha watu wamesimama pembeni na orodha na kalamu, damu 336. Vikundi vya watu wanaojitolea. Wodi moja, wiki moja, mwanafunzi mmoja mwenye karatasi anaandika chupa ngapi zilibandikwa jina kabla ya kufika kitandani na wangapi waliulizwa jina badala ya kutajiwa. Trei ile ya wodini nilikosoma, sijui kama kuna aliyewahi kuihesabu.